Watoto wanne, jiji moja: shajara ya kupanga safari ya Dar

Jumamosi, 3 Mei 2025

Leo tumekubaliana: likizo ya Juni tunashuka Dar es Salaam kutoka hapa Dodoma, wote sita. Hatuendi msibani wala harusini. Tunakwenda kuutembea mji wenyewe, jambo ambalo familia yetu haijawahi kulifanya. Safari zetu zote za Dar zimekuwa za shughuli, na mtoto anayepelekwa kwenye shughuli huliona jiji kwa kupitia dirisha la gari na mgongo wa mama yake.

Ugumu wa mradi huu uko kwenye umri. Kifungua mimba ni msichana wa miaka 15, yuko kidato cha tatu. Anayemfuata ni mvulana wa miaka 11. Kisha binti wa miaka sita, na kitindamimba wa kiume ambaye anatimiza minne mwezi Septemba. Mkubwa anaweza kukaa nusu saa mbele ya kabati moja la makumbusho akisoma kila maandishi. Mdogo ikifika saa saba mchana lazima alale, popote alipo, na asipolala jioni ya wote imeharibika.

Jioni nimemwomba kila mmoja ataje kitu kimoja tu anachokitaka Dar. Mkubwa: Chuo Kikuu cha Mlimani. Wa pili: treni, na zaidi ya treni, meli zikiingia bandarini. Wa tatu: bahari, hajawahi kuiona. Mdogo: basi refu linalojikunja katikati, alilionaga kwenye taarifa ya habari. Nimeyaandika yote manne kwenye karatasi na kuibandika mlango wa friji. Hayo ndiyo mambo yasiyofutwa. Mengine yote yanaweza kufutwa.

Jumapili, 11 Mei

Suala la tarehe limeisha. Baba yao alitaka tuunganishe na maonesho ya biashara ya Sabasaba, kwa sababu yeye alipelekwa na babu yao akiwa mdogo na mpaka leo anasimulia mabanda aliyoyaona. Namwelewa. Lakini maonesho yanaanza mwishoni mwa Juni na kilele chake ni Julai 7, wakati ambao viti vya treni vinagombaniwa na Barabara ya Kilwa haipitiki. Kutembea na wa miaka mitatu katika umati ule ni kazi ya siku nzima ya kumshika mkono. Tumekubaliana Sabasaba ni safari ya baba na wakubwa wawili, mwaka mwingine. Sisi tunaondoka Jumatatu, Juni 16, na kurudi Jumapili ya tarehe 22. Shule zitakuwa zimefungwa tayari. Juni Dar ni kipupwe, mvua za masika zimekwisha na jua halichomi kama la Januari.

Usafiri ni treni ya SGR, hakukuwa na mjadala. Basi linachukua sehemu kubwa ya siku, treni inafika kwa saa nne au pungufu. Kwa nauli zilizotangazwa mwaka 2024, mtu mzima Dodoma hadi Dar daraja la kawaida ni shilingi 31,000. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu, 15,500, na aliye chini ya minne halipi. Kwa hiyo sisi wawili na mkubwa ni 93,000, wa pili na wa tatu ni 31,000, na mdogo tunampakata. Jumla 124,000 kwenda, 248,000 kwenda na kurudi. Mwenye watoto wa rika mbalimbali apige hesabu hii mapema, maana siku ya kuzaliwa ya mtoto mmoja inaweza kubadilisha bajeti yote.

Jumatano, 14 Mei

Nimezungumza na wifi yangu wa Sinza, ndiye atakayetupokea. Nilimsomea orodha yangu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Wifi, Dar usiipange kwa sehemu za kwenda. Ipange kwa barabara."

Amenisaidia kuliko ramani yoyote. Kwa utaratibu wake, kila siku tunashika upande mmoja wa mji na hatuuvuki. Posta na Kivukoni ni siku moja. Kunduchi ni siku moja. Kigamboni ni siku moja. Mlimani, Kijiji cha Makumbusho na Sinza ni jirani, zinaweza kubebana. Anayejaribu kwenda Kunduchi asubuhi na Kigamboni jioni atatumia siku yake kwenye foleni, na watoto watakumbuka foleni.

Siku ya Posta ni Jumanne. Bajaji mpaka kituo cha Shekilango, hapo tunapanda Mwendokasi mpaka Posta ya Zamani. Mabasi hayo yalianza mwaka 2016 na asubuhi na mapema yanajaa watu wa ofisini kiasi kwamba mtoto haoni kitu zaidi ya mikanda ya wakubwa. Wifi anasema tuondoke saa tatu na nusu, turudi kabla ya saa tisa. Mdogo atapata kiti, na kama bahati ipo, kiti cha pale kwenye maungio basi linapojikunja.

Kutoka Posta ya Zamani ni mwendo wa miguu. Tunapita kwenye sanamu ya Askari, iliyosimama pale tangu 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Kisha Bustani ya Mimea, watoto wapumzike kivulini, kisha Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert. Humo ndimo kuna fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, aliloliona Mary Leakey kule Olduvai Julai 1959, lenye umri wa miaka milioni 1.75. Mkubwa amelisoma tangu kidato cha kwanza, akachora picha yake kwenye daftari na kuijibia mitihani. Nataka asimame mbele yake. Kwa wadogo kuna magari ya zamani ya viongozi wetu, na hilo linawatosha.

Wa pili aliposikia makumbusho aliuliza kama na yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, dinosaria, yumo. Nimemwambia hayumo. Mifupa yake ilichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913 wakati wa Wajerumani, ikapelekwa Berlin, na mpaka leo mjusi huyo amesimama huko, urefu wake zaidi ya mita 13. Aliuliza kwa nini hawamrudishi. Ni swali la haki. Nimemwambia wakubwa wa nchi wanalijadili, na yeye akikua aendelee kuliuliza.

Jumamosi, 24 Mei

Wiki hii nimejifunza bahari, na naandika kwa kirefu kwa sababu sisi watu wa bara hatuijui.

Mwalimu mwenzangu hapa shuleni ni mzaliwa wa Kunduchi. Nilimwambia tunapeleka watoto kisiwa cha Mbudya asubuhi, akaniuliza swali moja: "Mwezi utakuwaje?" Nilidhani anauliza mwezi wa kalenda. Akachukua chaki, akachora duara ubaoni.

Alivyonieleza ni hivi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari inakuwa na bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Pwani ya Dar, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Mwezi ukiwa nusu, yanakuja maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana, na kujaa kwake huangukia asubuhi hiyo ya saa nne au saa tano. Mtoto anayefikishwa ufukweni saa nne asubuhi siku ya bamvua anakuta mchanga mtupu, mwani na mawe, na bahari iko mbali kule inang'aa. Mtoto yuleyule akifikishwa saa ileile siku ya maji mafu anakuta maji yako miguuni pake, yametulia. Wavuvi wanajua haya bila kufungua kitabu.

Tumefungua kalenda pamoja. Mwezi mpevu ni Juni 11, robo ya mwisho ni Juni 18. Kwa hiyo siku yetu ya bahari ni Alhamisi, Juni 19, na ratiba yote imejengwa upya kuizunguka siku hiyo. Binti yangu wa miaka sita ameitaja bahari, basi apewe bahari iliyojaa.

Jambo la pili ni kusi. Juni upepo wa kusi unavuma, na kadiri mchana unavyosogea ndivyo bahari inavyochafuka. Kwa watoto, boti iondoke Kunduchi mapema na irudi mapema. Saa nane tuwe tumeshakanyaga bara.

Jambo la tatu ni majaketi ya kuokolea. Mwenzangu amenipa namba ya nahodha anayemfahamu, nikampigia papo hapo. Sikumuuliza bei kwanza, nilimuuliza kama ana jaketi la mtoto wa miaka mitatu, maana jaketi la mtu mzima kwa mtoto mdogo linampanda usoni na kumchomoka. Amesema anayo mawili madogo. Nimemwambia nitayaona kwa macho kabla hatujapanda, na yasipofaa mimi na wadogo wawili tunabaki ufukweni Kunduchi, baba yao avuke na wakubwa. Alikubali bila kununa, na hilo lilinipa imani naye.

Mbudya iko ndani ya hifadhi ya bahari, kuna kiingilio. Hakuna maji ya kunywa, tunabeba yetu. Kuna miamba yenye makali, kwa hiyo kila mtu aingie majini na viatu vya plastiki. Kuna vibanda vya makuti na samaki wa kuchoma, na kuna mibuyu. Nimefurahi kwa mibuyu: wanangu watashuka kwenye boti na kukuta mti wa nyumbani.

Ijumaa, 30 Mei

Kikao na mkubwa, sisi wawili tu, jikoni baada ya wengine kulala.

Nilikuwa nimeona anaizungumzia safari bila hamu. Nikamuuliza. Alitazama chini, akasema: "Mama, mimi najua nitambeba mdogo."

Sentensi hiyo sijaacha kuifikiria. Kwenye safari za familia zetu msichana mkubwa hugeuzwa yaya. Anaambiwa mshike mwenzio, mpeleke mwenzio chooni, mwache mwenzio achague kwanza. Wazazi wanarudi wamepumzika, wadogo wanarudi wamefurahi, yeye anarudi amechoka na hakuna aliyemwona. Tunaita ukubwa, na ni kweli mtoto mkubwa ana wajibu wake. Nyumbani anautimiza kila siku, na vizuri. Lakini likizo ni yake pia, na nauli yake ndiyo pekee ya mtoto inayolipwa nzima.

Tumepanga hivi. Jumatano, Juni 18, ni siku ya kugawana. Mimi na yeye tunakwenda Mlimani, wawili tu. Tutatembea chuoni, tuone ukumbi wa Nkrumah, ule uliokuwa nyuma ya noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, tukae kwenye nyasi, aniulize anachotaka kuhusu masomo na maisha. Baba yake na wa pili wanadamka alfajiri kwenda Feri kuona mnada wa samaki na meli kwenye mlango wa bandari, ambako ni pembamba kiasi kwamba meli kubwa inapita ukimwona baharia usoni. Wadogo wawili wanabaki Sinza na shangazi yao, ambaye ameniambia siku hiyo ameisubiri kwa hamu na nisijaribu kumpunguzia.

Kuhusu kubeba mdogo, kanuni ni moja na nimeiandika chini ya ile karatasi ya friji: mdogo anabebwa na wazazi. Mkubwa akijitolea, asante. Haombwi.

Nilimwona leo asubuhi ameisoma ile karatasi, kisha akachukua kalamu akaongeza kitu cha pili upande wake: Soko la Kariakoo, vitambaa. Nimekiacha.

Jumapili, 8 Juni

Tiketi zimenunuliwa, viti vimepangana. Wa pili ana dirisha, kwa sababu kabla ya kufika Kilosa kuna mahandaki na kwa wiki nzima hazungumzi kingine. Wa tatu atapata dirisha wakati wa kurudi, tumeandikiana.

Jana tulifanya zoezi la miguu. Tulitoka nyumbani mpaka Nyerere Square kwa miguu, tukazunguka soko, tukarudi, kila mtu na begi lake. Lengo lilikuwa kumjua wa tatu, maana yeye ndiye yuko katikati: amekuwa mzito kwa mbeleko na miguu yake bado si ya safari. Nimegundua hachoki kwa umbali, anachoka kwa kusimama. Akiwa anatembea na kuna cha kuangalia, anakwenda. Tukisimama watu wazima tuzungumze, palepale analalamika miguu. Hilo limebadilisha siku ya Posta: mazungumzo yote ya wakubwa yanafanyika tumekaa, na pale Bustani ya Mimea ndipo tutakapokula, si mwisho wa siku.

Mdogo alitembea mwenyewe mpaka sokoni, kisha mbeleko. Kuna rafiki alitaka kutuazima kigari cha mtoto. Nimekataa kwa shukrani. Njia za miguu za Dar zina mitaro, ngazi na pikipiki zilizoegeshwa, na kigari huishia kubebwa chenyewe. Kanga mbili zinafanya kazi hiyo, na usiku zinakuwa shuka.

Ijumaa, 20 Juni, imejazwa: Kigamboni. Kwenda kwa pantoni kutoka Magogoni, shilingi 200 kwa mtu, dakika chache majini. Kurudi kwa Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016. Wa pili ameomba tusirudi njia ileile, na ombi lina mantiki. Jumamosi ni Kijiji cha Makumbusho, karibu kabisa na Sinza, kwa hiyo asubuhi tunalala mpaka tuchoke na mkubwa anakwenda Kariakoo na shangazi yake. Mchana tunaingia kijijini kuona nyumba za makabila: msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo. Bibi wa baba yao alizaliwa kwenye tembe, na watoto wamezisikia tu kwenye simulizi zake. Mwisho wa wiki mara nyingi huwa na ngoma mchana. Ngoma ndiyo burudani pekee niliyoiona mpaka sasa inayomfaa wa miaka mitatu na wa 15 kwa wakati mmoja.

Alhamisi, 12 Juni

Mazoezi ya kupotea. Niliwaita mmoja mmoja. "Ukipotea, utasema mama yako anaitwa nani?" Wa tatu akajibu, "Mama." Tukarudia mpaka akataja majina yangu matatu na ya baba yake. Namba ya simu ameikariri kwa wimbo aliotungiwa na kaka yake. Mdogo hawezi kukariri, kwa hiyo namba mbili zimeshonwa ndani ya ukosi wa kila shati, na asubuhi ya kila siku tunampiga picha ili tujue amevaa nini.

Kanuni ya umati: usipotuona, simama ulipo. Usitutafute. Sisi ndio tutarudi. Wa pili alisema yeye anaweza kutafuta. Nimemwambia anaweza, na kwa sababu hiyo ndiyo maana namwomba asimame.

Jumapili, 15 Juni

Mabegi yamefungwa. Masweta ni ya kituoni asubuhi tu, kwa sababu ya baridi hii ya Dodoma. Dar yatakaa chini ya begi. Vyandarua viwili, maana kwa wifi tutalala watu wengi chumba kimoja na mbu wa Dar hawana likizo. Dawa ya homa, vyeti vya bima, vitambulisho vyetu kwa ajili ya treni na kwa viingilio vya raia. Karanga na ubuyu kwa shangazi. Kopo la mdogo la chooni, limefungwa kwenye mfuko wake peke yake, na sioni aibu kuliandika.

Fedha zimegawanywa kwenye bahasha za siku, kila siku na yake. Mkubwa ameshika bahasha ya Kariakoo mwenyewe.

Wa tatu ameuliza leo kama bahari itakuwepo Jumanne tukipita Kivukoni, au ni mpaka Alhamisi. Nimemwambia Jumanne ataiona, Alhamisi ataingia. Nimepanga hivyo makusudi: sitaki aikutane kwa mara ya kwanza akiwa ndani ya boti.

Kilichobaki ni kimoja. Jumatano jioni, nikitoka Mlimani, nampigia nahodha kuuliza upepo. Akisema kusi ni kali, Kigamboni inasogea Alhamisi na Mbudya inakwenda Ijumaa; siku hiyo maji yatajaa karibu na adhuhuri, kwa hiyo tutachelewa kutoka kidogo na chakula cha mchana kitaliwa kisiwani. Wifi ameshaambiwa, baba yao ameshaambiwa. Treni ni ya asubuhi, teksi inakuja kabla ya jua.